Je, Fisi Hujifunza Mbinu Zetu?

Hotuba ya Afisa wa Mifugo katika baraza la wafugaji wa kaunti yetu. Tunaichapisha kwa ajili ya wakazi ambao hawakuweza kufika.

Najua jua likianza kushuka kila mmoja atataka kuwa nyumbani, kwa hivyo sitawachelewesha.

Katika baraza lililopita mzee mmoja alisimama akauliza swali ambalo sikuweza kulijibu papo hapo. Alisema mwaka jana alinunua taa za sola zinazowaka na kuzima, akazifunga kwenye boma. Miezi mitatu hakuona hata unyayo wa fisi. Mwezi wa nne fisi walirudi. Sasa, alisema, wanakuja huku taa zinamulika, wanachukua mbuzi na kuondoka, kana kwamba amewawashia taa ili wachague vizuri. Aliuliza kama aliuziwa taa bandia, au fisi wamepata elimu.

Watu walicheka, lakini mzee hakucheka. Mbuzi ni karo ya shule na ni dawa ya mgonjwa. Mimi mwenyewe nimekulia bomani. Baba yangu alitundika mikebe mitupu kwenye waya kuzunguka zizi, upepo ukivuma inagongana. Tulilala usingizi mzuri kwa muda. Kisha usiku mmoja tukapoteza mbuzi tisa, na mikebe iligongana usiku huo kama kawaida. Hakuna aliyeamka, kwa sababu na sisi tulikuwa tumeizoea.

Kwa hivyo swali hilo nimelibeba, nimesoma na kuulizia, na leo nimeleta jibu. Jibu fupi ni hili: ndiyo, fisi hujifunza. Simba hujifunza, chui, bweha na tembo pia. Lakini nawaomba mshike jambo la pili, ambalo ni kubwa zaidi: wanajifunza kile tunachowafundisha sisi. Tukimtisha mnyama kwa kitu kisichomdhuru kamwe, tunamfundisha kwamba sisi ni waongo. Na wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi.

Nianze na hapa nyumbani. Wengi wenu mnamjua Richard Turere, kijana wa Kitengela, pembezoni mwa Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi. Alipokuwa mtoto alipewa kazi ya kulinda ng'ombe wa babake, na simba walikuwa wakitoka mbugani usiku kuwaua. Ameeleza hadharani jinsi alivyojaribu. Kwanza aliwasha moto, lakini aliona mwanga wa moto unawasaidia simba kuona ndani ya zizi. Pili aliweka sanamu ya mtu. Siku ya kwanza simba walikuja, wakaiona, wakarudi. Siku ya pili wakagundua kwamba kile kitu hakisogei, wakaingia na kuua. Siku moja tu ilitosha!

Usiku mwingine akazunguka na tochi, na simba hawakuja. Akaelewa kwamba simba wanaogopa mwanga unaotembea, kwa sababu mwanga unaotembea una mtu nyuma yake. Hapo ndipo alipofunga taa kuzunguka boma, zikawa zinawaka kwa zamu kana kwamba kuna mtu anatembea na tochi. Taa hizo zilisambaa katika maboma mengi ya upande ule, na watafiti walizifuatilia kwa miaka kadhaa. Waliona kwamba maboma yenye taa yalivamiwa mara chache zaidi usiku. Lakini waliona na jambo lingine: mashambulizi ya mchana, malishoni, yaliongezeka. Simba hakuacha kupenda ng'ombe. Alibadilisha saa ya kazi.

Wazee wangu, hapo tayari mna nusu ya jibu. Taa si bandia. Taa inafanya kazi kwa sababu mnyama anaamini kuna mtu. Siku atakapokuja karibu, akasubiri, akaona hakuna mtu anayetoka, hakuna mbwa anayebweka, hakuna kelele, siku hiyo amejua ukweli. Na akishajua, hasahau upesi.

Sasa tuje kwenye sauti. Katika Masai Mara watafiti wanaohesabu simba na fisi hutumia spika. Wanacheza usiku sauti ya mnyama anayelia akifa, au ya fisi wanaogombania nyama, kisha wanahesabu wanaokuja. Wanakuja mbio, kwa sababu wanadhani kuna chakula. Lakini watafiti wanajua kwamba wakirudia sauti hiyo mahali pamoja mara kwa mara, idadi ya wanaokuja hupungua. Si kwamba fisi wameisha. Wamekwisha kujua kwamba kelele ile haina nyama.

Jambo hilohilo wenzetu wafugaji wa Marekani wamelishuhudia kwa miaka mingi. Huko wana mnyama anayeitwa koyote. Ni wa ukoo mmoja na bweha wetu ila ni mkubwa zaidi, na anakula kondoo na ndama wao kama fisi anavyokula wetu. Wawindaji wa huko hupuliza filimbi inayolia kama sungura aliyekamatwa. Koyote akidhani ni chakula anakuja, naye mwindaji anampiga risasi. Lakini risasi ikimkosa, wawindaji wenyewe wanasema koyote yule ni vigumu kumwita tena. Akisikia filimbi ile anasimama mbali, anazunguka ili anuse upepo kwanza, au anaondoka kimya. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Marekani hawakuishia kwenye filimbi. Kwa miongo mingi walitumia mitego, bunduki na sumu, wakisaidiwa na serikali yao. Mwaka 1972 Rais Richard Nixon alipiga marufuku sumu za kuulia wanyama wala nyama katika ardhi ya serikali kuu, kwa sababu ilikuwa inaua viumbe wengine wengi wasiohusika. Bado makumi ya maelfu ya koyote huuawa kila mwaka. Na matokeo? Zamani koyote alikuwa mnyama wa nyanda na majangwa ya upande wa magharibi. Leo yuko katika kila jimbo la Marekani isipokuwa Hawaii, na anaishi hata ndani ya miji mikubwa kama Chicago. Yeye husogea kule ambako adui zake wakubwa, kama mbwa mwitu, wamemalizwa, na hujifunza kuishi karibu na watu bila kuonekana.

Kuna jambo moja la koyote ambalo lilinigusa sana. Katika kituo cha utafiti cha jimbo la Utah, watafiti walifuatilia familia nane za koyote. Waliweka chakula huku mtu amekaa karibu. Mara ya kwanza wazazi walikuwa waoga, na watoto wao wakawa waoga. Walipozaa mara ya pili, wazazi walikuwa wamemzoea yule mtu, wakasogea na kula. Watoto wa uzao ule wa pili wakawa jasiri tangu mwanzo, ingawa wao wenyewe walikuwa hawajawahi kumjaribu mtu. Utafiti huo ulichapishwa 2018. Sisi tungesema: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Mfikirie sasa fisi wetu. Mtoto wa fisi hunyonya mwaka mzima na zaidi, na anapoanza kutembea mbali anafuata nyayo za mama. Mama aliyezoea kuingia kwenye boma lako anakuja na mwanawe. Ukimruhusu mmoja, umefungua shule.

Na msidhani fisi ni mjinga kama hadithi za watoto zinavyomsema. Huko Mara watafiti waliwapa fisi wa porini sanduku la chuma lenye nyama ndani, lililofungwa kwa komeo. Fisi 62 walijaribu. Tisa walifungua. Waliofaulu hawakuwa wenye nguvu kuliko wengine, bali wale waliojaribu njia nyingi: kuvuta, kusukuma, kuuma, kupindua. Sasa niambieni, lango la boma lililofungwa kwa kamba na tawi la mti wa miiba, fisi wa namna hiyo atalichukulia dakika ngapi?

Labda mtu atauliza: kama wanyama wanajifunza kila kitu, si tukate tamaa? Hapana. Nimewaambia wanajifunza uongo wetu. Lakini wanajifunza na ukweli, na ukweli hawausahau.

Mfano uko hapahapa kwetu, Amboseli. Watafiti waliwachezea tembo sauti za watu zilizorekodiwa. Watu wote walisema maneno ya maana moja, kwamba tazameni kule, kundi la tembo linakuja. Tembo waliposikia sauti ya mwanamume Mmaasai, walikusanyika pamoja, wakanusa hewa na kuondoka. Waliposikia sauti ya mwanamume Mkamba, hofu ilikuwa ndogo. Sauti za wanawake na za wavulana wa Kimaasai hazikuwatisha sana. Matokeo yalitangazwa 2014. Kabla ya hapo, mwaka 2007, walikuwa wamechapisha matokeo ya jaribio la nguo: tembo walikimbia mbali zaidi waliponusa nguo iliyovaliwa na mwanamume Mmaasai kuliko iliyovaliwa na Mkamba. Sisemi haya kumlaumu mtu. Nasema ili mwone kwamba tembo anajua mkuki hutoka kwa nani, na anajua mama anayeteka maji hana mkuki. Mnyama anatupima mmoja mmoja.

Mfano wa pili uko kwa jirani zetu wa Taita Taveta. Wakulima wa Sagalla wametundika mizinga ya nyuki kwenye waya kuzunguka mashamba. Tembo akigusa waya, mizinga inatikisika na nyuki wanatoka. Taarifa iliyotolewa 2017 ilisema kati ya tembo 100 waliokaribia mashamba hayo, 80 waligeuka. Kwa nini mizinga inadumu na sanamu ya mtu haikudumu? Kwa sababu ndani ya mzinga mna nyuki wa kweli, na nyuki wa kweli huuma. Ukame ulipopiga na nyuki wakahama, mizinga mingi ikabaki mitupu, na ulinzi nao ukapungua. Mzinga mtupu ni sawa na mikebe ya baba yangu.

Basi tufanye nini? Nina mambo matano, na mengi hayahitaji pesa nyingi.

La kwanza ni boma lenyewe. Taa, kelele na sanamu ni maneno, lakini ukuta ni kitendo. Fisi aliyejifunza kwamba taa haidhuru bado hawezi kupita kwenye wavu wa chuma uliofungwa vizuri kwenye nguzo imara. Katika eneo la Amboseli maboma ya wavu yenye milango ya mabati ya mapipa yaliyopasuliwa yamesaidia familia nyingi. Kama huna uwezo wa wavu leo, anza na lango, kwa sababu wavamizi wengi hutafuta mahali padhaifu. Zungusha miiba mipya pale ya zamani ilipokauka na kulala. Kagua chini pia, kwa sababu fisi huchimba. Na zizi la ndama na wana-mbuzi liwe ndani, si ukingoni.

La pili, usitumie ujanja mmoja kila usiku mwaka mzima. Taa zisikae mahali pamoja, zihamishe. Kama kuna tochi, redio au mikebe, itumie kwa zamu, na hasa wakati wa hatari: usiku wa giza, msimu wa mvua, na mbuzi wanapozaa. Kitu kikipumzishwa kinabaki na makali.

La tatu, weka ukweli nyuma ya kitisho. Mbwa akibweka, mtu atoke. Taa ikimulika kivuli, mtu apige kelele. Usiende peke yako gizani, na usimfuate mnyama porini. Lakini fisi asikie kwamba boma hili lina watu walio macho. Jirani anayetoka anakulinda na wewe, maana fisi aliyefukuzwa kwako huenda kwake. Mpangilie zamu kupitia Nyumba Kumi.

La nne ni mchana. Nimewaambia habari ya simba wa Kitengela waliobadilisha saa. Mtoto wa miaka minane hawezi kulinda kundi, na nafasi yake ni darasani. Mifugo iende malishoni na mtu mzima au vijana wenye nguvu, irudi kabla ya jua kuzama, na ihesabiwe langoni. Mbuzi aliyebaki porini usiku ni somo la kwanza kwa fisi: anajifunza ladha ya mbuzi bila kukutana na mtu. Morani wanaofanya kazi ya kulinda simba Amboseli tangu 2007 wanajua hili, ndiyo maana wanasaidia kutafuta mifugo iliyopotea na kuwaonya wachungaji kwamba simba wako wapi.

La tano ni mizoga. Ng'ombe akifa kwa ugonjwa, au kondo la nyuma likitoka, wengi wetu tunalitupa mita chache nje ya boma. Hapo tunamwekea fisi meza kila wiki, kisha tunashangaa akija kugonga mlango. Zika kwa kina au choma, mbali na makazi. Kama unashuku kimeta, usiupasue mzoga, usile nyama yake. Nipigie simu mimi au daktari wa mifugo wa wadi yako.

Kuna la sita ambalo si la kufanya bali la kuacha, na hapa nitasema wazi. Sumu! Najua uchungu wa kuamka na kukuta mbuzi saba wamelala chini. Najua dukani kuna unga wa kuua wadudu. Lakini sikilizeni. Anayekula mzoga wenye sumu si lazima awe yule aliyekuibia. Atakula mbwa wako, watakula tai ambao ndio wanaosafisha mizoga na kuzuia magonjwa, na mtoto anaweza kugusa. Desemba 2015 mzoga wa ng'ombe uliotiwa sumu Masai Mara uliua simba, na tai wakafa pia. Na sumu ni kosa la jinai chini ya sheria ya wanyamapori ya 2013. Utapoteza mbuzi, kisha utapoteza na uhuru wako. Wamarekani walijaribu sumu kwa miaka mingi, na koyote bado yuko.

Badala yake, ripotini. Mnyama akiua mfugo wako, usiuondoe mzoga na usifute nyayo. Piga picha kama una simu. Mwarifu Chifu na ofisi ya KWS iliyo karibu mapema iwezekanavyo ili wafike kuona na kujaza fomu. Madai hupelekwa kwa kamati ya kaunti ya uhifadhi na fidia ya wanyamapori. Najua fidia huchelewa, na mmenieleza hasira yenu, nimeibeba. Lakini dai ambalo halikuandikwa halilipwi kamwe. Na kuna faida nyingine: tukijua boma gani lilivamiwa, saa ngapi na kwa njia gani, tunajua wanyama wamejifunza nini mwezi huu, na tunawaonya majirani kabla zamu yao haijafika.

Nimalizie kwa kumjibu mzee wetu, ambaye nafurahi kumwona pale mbele. Mzee wangu, taa zako hazikuwa bandia. Zilikuwa zikisema kuna mtu, na kwa miezi mitatu fisi aliamini. Usizitupe. Zihamishe leo jioni, ziweke upande mwingine, na wiki hii vijana wako watoke kila mbwa akibweka. Halafu tengeneza lile lango. Nitakuja mwenyewe kuliona, na nitakuja na fundi wa kuwaonyesha majirani namna ya kufunga wavu chini ili usichimbwe.

Fisi anatusoma kila usiku. Tumpe cha kusoma ambacho hatataka kurudia.

Sasa nipo tayari kwa maswali, na kina mama waanze, kwa sababu ndio wanaosikia mbuzi wakilia kwanza.